Mboga Zilizogandishwa Zipikwe Kwanza



Watu wengi hudhani kuwa mboga zilizogandishwa, kama njegere, karoti na mahindi, ziko tayari kuliwa kwa kuwa kiwandani zilipitishwa katika maji ya moto. Maji hayo hulinda rangi na ladha, hayaivishi mboga. Baridi nayo haiwaui bakteria wa listeria. Huwadumaza tu, nao huanza tena kuzaliana barafu inapoyeyuka, hata ndani ya jokofu. Kati ya mwaka 2015 na 2018, maradhi ya listeria yaliyohusishwa na mahindi yaliyogandishwa yaliwapata watu 47 katika nchi 5 za Ulaya. 9 kati yao walifariki. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu ndio walio hatarini zaidi.

Dukani, papaseni mfuko. Mboga zikiwa zimeshikamana bonge moja, huenda ziliyeyuka zikagandishwa tena, ziacheni. Nyumbani, zihifadhiwe kwenye friza yenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri.

Wakati wa kupika, msiziyeyushe kwanza. Chemsheni maji kidogo katika sufuria, yasiguse chujio lililowekwa juu yake. Tandazeni mboga humo, kisha funikeni vizuri. Fuateni muda ulioandikwa kwenye mfuko, na kabla ya kuepua hakikisheni kuwa zimepata moto hadi katikati. Hata mboga za saladi zipikwe hivyo, kisha zipoe.