Programu Tatu, Logi Moja: Kugongana kwa Nakala za Akiba katika SQL Server
Mada kwa semina ya maofisa TEHAMA

Istilahi

Ndugu Mwenyekiti, istilahi tunazijua sote, nitazipitia upesi. Nakala kamili huchukua kanzidata nzima. Nakala ya tofauti huchukua kilichobadilika tangu nakala kamili ya mwisho. Nakala ya logi huchukua miamala iliyoandikwa tangu nakala ya logi iliyotangulia, kisha nafasi yake ndani ya logi huachiwa itumike upya. Yatosha.

Tatizo lenyewe

Taasisi ninazozifahamu hazina upungufu wa nakala; zimezidiwa nazo. Msimamizi wa kanzidata ana ratiba yake: nakala kamili Jumapili, ya tofauti kila usiku, ya logi kila robo saa. Kitengo cha miundombinu kina programu inayonakili seva pepe nzima. Mkandarasi wa mfumo wa malipo naye kaleta ya kwake, maana ilikuwamo kwenye mkataba. Asubuhi ripoti zote tatu ni za kijani.

Hapa ndipo nimekuwa nikibishana na wenzangu mwaka hadi mwaka. Kila kanzidata ina msingi mmoja tu wa nakala za tofauti, hata programu ziwe tano. Ile ya seva pepe ikipitia VSS na kujitambulisha kuwa imechukua nakala kamili, msingi unahamia kwake. Nakala ya tofauti ya Jumatano itadai nakala ya Jumanne ambayo msimamizi hana. Akiirejesha juu ya ile ya Jumapili, anapata kosa namba 3136.

Kwenye logi ni balaa zaidi. Programu mbili zikinakili logi ileile, zinagawana miamala: robo saa hii iko huku, inayofuata iko kule. Kosa namba 4305 ndilo huleta habari, kwa kawaida siku diski imeshakufa. Watu hukimbilia kusema mnyororo umekatika. Mara nyingi haujakatika, kipande kimehama. Faili likipatikana kwa jirani, mnyororo unaungika. Nakala kamili ya pembeni haiukati kamwe. Kuugeuza mfumo wa urejeshaji kuwa SIMPLE ndiko kunakoukata, na wapo wanaofanya hivyo ili tu logi ipungue ukubwa!

Ushahidi hauhitaji kikao. Umo kwenye msdb, jedwali la backupset: tazama is_snapshot, is_copy_only na user_name, kisha linganisha differential_base_guid ya nakala ya tofauti na backup_set_uuid ya nakala kamili unayoitegemea. Kwenye backupmediafamily, device_type ikiwa 7, nakala ilipitia kifaa pepe, kama programu nyingi za nje zifanyavyo.

Mapendekezo

Haya ni maoni yangu, si msimamo wa idara. Logi iwe na mwenyewe mmoja, aandikwe kwa jina la cheo. Wengine wote watumie COPY_ONLY, iliyopo tangu toleo la 2005. Kwenye programu ya seva pepe, chagueni VSS ya aina ya nakala tu na mzime ukataji wa logi. Mikataba mipya itamke jambo hili kabla ya kusainiwa, si baada ya mkandarasi kuondoka. Msdb ikaguliwe kila wiki. Urejeshaji ujaribiwe kwenye seva nyingine, pamoja na DBCC CHECKDB. Umuhimu wa kujaribu tunauona kwa kampuni ya GitLab: tarehe 31 Januari 2017 walifuta data ya seva yao kuu wakiwa na njia kadhaa za akiba. Nakala za pg_dump, programu ya kunakili ya PostgreSQL, hazikuwepo, kwa kuwa programu hiyo ilikuwa ya toleo la 9.2 na kanzidata ya 9.6. Waliokolewa na picha ya diski aliyoichukua mhandisi kwa mkono saa sita kabla.

Narudia: logi iwe na mwenyewe mmoja. Naomba pia menejimenti isiitumie mada hii kufuta bajeti ya nakala za seva pepe. Zinahitajika, zisiguse logi tu.

Aliyegundua leo kuwa msingi wake umehama asisubiri Jumapili. Achukue nakala kamili mpya usiku huu, baada ya kuzima ratiba ya pili, na faili za logi zilizoko kwa jirani azihamishe kabla hazijafutwa na muda wa utunzaji wa programu hiyo.