Nchi Baina ya Mito Miwili

Waliosoma Biblia wameyaona majina ya mito Hidekeli na Frati. Nchi iliyo baina yake Wayunani waliiita Mesopotamia, na maana yake ndiyo hiyo. Upande wa kusini mvua ni haba mno. Basi watu wa kale walichimba mifereji wakalima shayiri, na kwa kutaka kuhesabu nafaka wakaanza kuandika juu ya udongo, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita.

Hamurabi, mfalme wa Babeli, aliweka sheria ya maji. Mtu akiwa mvivu asiimarishe tuta lake, maji yakabomoa na kugharikisha mashamba ya wenziwe, sharti alipe nafaka iliyopotea. Asipoweza, yeye na mali yake huuzwa, na wenye mashamba hugawana fedha. Sheria kali, lakini kila mtu alimjua wa kumdai.

Leo nchi ile imegawanyika: sehemu kubwa ni Iraki, nyingine Syria, nyingine Uturuki. Mpaka uliopatanwa mwaka 1921 ulifuata reli kwa masafa marefu, mito haikuulizwa. Januari 1990 Waturuki waliuzuia Frati mwezi mzima, wapate kujaza ziwa la bwawa la Atatürk. Syria na Iraki zikalalamika. Yalikuwako mapatano ya 1987, kwamba Uturuki ipitishe mita za ujazo 500 kila sekunde, lakini yalifanywa na Syria peke yake. Na huko Basra, mwisho wa maji, mto upunguapo chumvi ya bahari hupanda mpaka kwenye mitende.