Anwani ya Kuazima: Jinsi Mtandao Unavyogawa Namba kwa Kompyuta na Simu



Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ililenga kuipa kila nyumba namba na kila barabara jina. Kompyuta na simu nazo haziwezi kuwasiliana bila anwani. Tofauti ni kwamba anwani ya nyumba ni ya kudumu, ilhali anwani ya kifaa mara nyingi ni ya kuazima. Tofauti hiyo humgusa mwananchi siku anapokosa huduma kwa sababu ya mtandao, na zaidi siku anapotapeliwa mtandaoni.

Katika miaka ya 1990, intaneti ilipoanza kuwafikia Watanzania, njia ya kawaida ilikuwa simu ya mezani. Modemu ya mteja ilipiga namba ya kampuni inayotoa huduma. Upande wa pili ilipokelewa na seva iliyounganishwa na modemu kadhaa, kila moja na laini yake. Seva iliuliza jina na neno la siri, ikahakiki, kisha ikampa mteja anwani iliyokuwa wazi wakati huo. Simu ilipokatwa, anwani ilirudi ghalani ikimsubiri mwingine.

Mfano wake ni nyumba ya wageni. Yenye vyumba 20 huweza kuhudumia mamia ya wasafiri kwa mwezi, kwa kuwa hawafiki wote usiku mmoja. Mgeni hupewa ufunguo, hulala, huondoka, na chumba hupata mwingine. Vivyo hivyo, seva yenye laini 20 ilihitaji anwani 20 tu za kugawa, hata kama wateja walioandikishwa ni 200. Fundi aliyeiandaa alikuwa na jambo moja la kuchunga: anwani ya seva yenyewe isiingie katika fungu la kugawiwa, kama vile mwenye nyumba asivyokodisha chumba chake.

Simu za mezani zimepisha nyaya za faiba na minara. Humu humu mkoani Mara, wilaya za Bunda na Serengeti zilikuwa za majaribio katika mradi wa ICT4RD wa miaka ya 2000, uliowashirikisha COSTECH na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na kutumia faiba iliyofuata nguzo za TANESCO. Hata hivyo, kanuni ya kuazima imebaki. Leo kazi hiyo hufanywa na ruta kwa utaratibu uitwao DHCP, uliotangazwa mwaka 1993: kila kifaa hupewa anwani kwa muda maalumu, na muda ukiisha bila kuhuishwa, hupewa kingine.

Katika ofisi, makosa mawili huvuruga utaratibu huo. La kwanza ni mtu kuiandikia kompyuta yake anwani kwa mkono. Ikitokea nyingine imepewa hiyo hiyo, zote mbili huyumba, mfano wa wageni wawili waliouziwa chumba kimoja. La pili ni kuchomeka ruta ya pili inayogawa anwani zake. Hapo nyumba moja huwa na mapokezi mawili yasiyoulizana. Anayeumia ni mwananchi aliyetembea tangu alfajiri, akaambiwa mtandao unasumbua, arudi kesho.

Lipo jambo zito zaidi. Nyumba ya wageni ina kitabu cha wageni. Ikitokea wizi, kusema “alikuwa chumba namba saba” hakutoshi. Lazima ijulikane ni usiku gani, ndipo kitabu kioneshe jina. Anwani ya kifaa ni vivyo hivyo: iliyotumiwa na tapeli asubuhi, jioni yaweza kuwa mikononi mwa mtu asiye na hatia. Aidha, kampuni za simu huweza kuwapitisha wateja wengi kwa pamoja nyuma ya anwani moja.

Kwa hiyo, mwananchi aliyetapeliwa mtandaoni asifute ujumbe. Aandike tarehe, saa na dakika, kisha awahi kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa wapelelezi njia ya kudai kumbukumbu kutoka kwa watoa huduma. Lakini bila saa sahihi, kumbukumbu hizo zaweza kumnyooshea kidole jirani asiyehusika.

Anwani huazimwa na kurudishwa. Kinachobaki ni kumbukumbu ya nani aliishika, na saa ngapi.