Hotuba juu ya Kuchagua Fahali wa Ng'ombe wa Maziwa

(Ilisomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mkutano wa mwaka jana ulituagiza sisi wa Halmashauri tutafute jawabu la swali moja: je, akiba ya chama inunue fahali wa Holstein, apande ng'ombe wa wanachama wote kuanzia Malaba na Amagoro hadi Matayos na Nambale, au itumike kwa njia nyingine? Tumepeleleza, na leo twaleta jawabu letu pamoja na sababu zake.

Haja yenyewe haina ubishi. Malaba na Busia ni milango miwili ya mpaka. Madereva wa malori hungoja zamu zao humo, na hoteli za chai hutaka maziwa mchana na usiku. Mengi huja kutoka Uganda, na fedha zetu huyafuata huko. Ng'ombe wetu wa asili hatumdharau, kwa kuwa ndiye aliyetuozea wake na kutulipia karo. Huvumilia jua, kiangazi na kupe. Lakini ndama akisha kunyonya, hutubakizia lita moja au mbili tu kwa siku. Holstein, ambaye asili yake ni Uholanzi na kaskazini ya Ujerumani, huko Marekani hutoa zaidi ya lita 10,000 tangu kuzaa mpaka kukauka. Tofauti hiyo yatia tamaa, nayo tamaa yahitaji kuongozwa na akili.

Tuanze na msiba. Mmoja wetu alimpandisha mtamba wake, aliyekuwa bado mdogo, kwa fahali aliyesifiwa kwa ukubwa wa mwili wake. Siku ya kuzaa ndama akakwama nyongani. Tulivuta mpaka alfajiri, na kulipokucha tulifukia wawili, mama na mwanawe. Mtamba yule ndiye aliyekuwa karo ya mtoto. Kosa lilikuwa letu: tulitazama urefu wa fahali, hatukutazama mwili wa mama. Ndama wa Holstein huzaliwa na kilo 40 hivi, na wa ng'ombe wetu kilo 20 hivi tu. Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: mtamba asipandishwe kabla hajakomaa, na achaguliwe fahali ambaye kumbukumbu zake zaonyesha kuwa ndama wake huzaliwa kwa wepesi.

Sharti la pili ninyi wazee mwalijua kuliko sisi. Mnapoletewa posa, hamtazami kimo cha kijana peke yake. Mwauliza ukoo wake: je, wana ugonjwa wa kurithi? Mama zao walizaa salama? Na kama koo zina udugu, mwakataa. Fahali naye aulizwe vivyo hivyo. Yeye hakamuliwi, maziwa yake hujulikana kwa binti zake. Fahali aliyepimwa kwa binti wengi, katika mazizi mengi, ni wa kuaminiwa kuliko yule aliyepimwa kwa binti wachache. Wala tusiulize lita tu. Je, binti hao hushika mimba upesi? Miguu na kwato zao ni imara? Kiwele kimeshikamana vyema na mwili, au chaning'inia mpaka kuumia? Wao huishi kwa kuzaa mara ngapi? Ng'ombe wa lita nyingi anayekufa baada ya uzao mmoja hakumfaidi mwenyewe.

Na sifa kubwa huweza kuficha ila. Huko Marekani mwaka 1962 alizaliwa fahali aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Alipata binti wapatao 16,000, na wajukuu wa kike zaidi ya 500,000. Maziwa yao yaliwatajirisha wafugaji. Lakini alikuwa na kasoro iliyofichika katika damu yake: ndama akiirithi kwa baba na kwa mama pia, hufia tumboni. Ilipita karibu nusu karne kabla wataalamu hawajaitambua, na walikadiria kwamba mimba zipatazo 500,000 zilikuwa zimeharibika duniani kwa sababu hiyo. Siku hizi vitabu vya mafahali huandika kasoro za namna hii. Basi tusinunue mbegu kabla ya kusomewa sehemu hiyo.

Sasa twajibu swali lenu. Shauri letu ni kwamba chama kisinunue fahali. Huku kwetu kuna kupe waletao ndigana kali, na katika mabonde ya mito kuna mbung'o waletao nagana; fahali mgeni aweza kufa kabla hajalipa gharama yake. Akiishi, atapanda kila zizi na kuweza kusambaza ugonjwa wa kutupa mimba. Na baada ya miaka mitatu hivi, binti zake watakuwa tayari kupandwa, naye atakuwa angali papo hapo. Baba na binti! Hata sisi tusiosoma elimu ya mifugo twajua aibu hiyo, na kwa ng'ombe hasara yake ni ndama dhaifu.

Afadhali tununue mbegu zilizogandishwa. Kituo cha Kabete kimekuwa kikitoa mbegu za mafahali tangu mwaka 1946. Mbegu huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kwa gharama ndogo kila mwanachama aweza kubadili fahali kila kizazi. Lakini njia hii yataka macho. Ng'ombe akionekana asubuhi anataka dume, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe asubuhi ya pili. Siku ya 21 atazamwe tena. Anayelala mpaka jua kali asimlaumu mtaalamu.

Tena, tusikimbilie Holstein mtupu. Chotara wa kwanza, nusu Holstein na nusu wa kwetu, hupata maziwa ya baba na uvumilivu wa mama. Damu ya kigeni ikizidi sana, ng'ombe hudai majani, maji na dawa ambazo wengi wetu hatuna. Kizazi cha pili chaweza kupewa Sahiwal au Jersey, kwa kadiri ya nguvu za mwenye zizi.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, akiba inunue mbegu za mafahali wasiopungua wawili wasio na udugu. Pili, kiwekwe kitabu cha chama, kiandikwe baba na mama wa kila ndama. Bila kitabu hicho, baada ya miaka kumi hatutajua nani ni ndugu ya nani. Tatu, mbegu apewe kwanza yule aliyekwisha kupanda matete, kujenga banda, na kunyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe bila kukosa. Twajua sharti hili la tatu litawaudhi baadhi yetu, hata humu katika Halmashauri. Lakini mgeni hukaribishwa penye chakula, na yule mtamba tuliyemfukia ametufunza vya kutosha.

Wazee wetu, uamuzi sasa ni wenu.