Kuvu kwa kuvu

Msikilizaji, mkulima wa Bwera, Kasese, akitaja mnyauko wa kahawa, usidhani anatia chumvi. Ugonjwa huo ulionekana Uganda mwaka 1993 kule Bundibugyo, upande wa pili wa Rwenzori, ukafyeka robusta wilaya baada ya wilaya. Arabika ya milima ya Kasese ilinusurika, ingawa Ethiopia arabika ndiyo inayougua. Kwangua gome la mti ulionyauka, utakuta weusi wa samawati. Hapo dawa ya kupuliza haifui dafu: kuvu imeshaziba mishipa ya mti.

Ndiyo maana mtaalamu wa magonjwa ya mimea anaweza kumaliza ujana wake akichunguza Trichoderma, kuvu ya udongoni inayokula kuvu nyingine. Maabarani inashinda upesi. Shambani, kwenye mvua na udongo usiotabirika, ni kesi nyingine. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Kituza walifanikiwa zaidi kwa kuchagua mikahawa inayostahimili, kazi ya miaka mingi. Bajeti zetu, kwa bahati mbaya, huhesabu misimu.

Kwa sasa, mti uliougua ung'olewe na kuchomwa papo hapo, na panga lipitishwe motoni kabla halijagusa mwingine.