Dhoruba ikizima taa, nani analinda mitambo?

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Samuye, Mkoa wa Shinyanga.



Mmenitaka nizungumze juu ya ulinzi wa mitambo ya nishati wakati wa hali mbaya ya hewa. Nilipolipokea somo hili nilidhani kuwa ni la wahandisi na askari, na kwamba mwandishi wa gazeti hana la kuongeza. Kisha nikakumbuka waya mmoja.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilinikuta nikiwa mtoto wa shule ya msingi katika mkoa huu. Asubuhi moja tulikuta nguzo ya umeme imelala. Mchwa walikuwa wameila shina lake, na upepo wa usiku ukaimaliza. Waya ulikuwa umezama katika dimbwi, katikati ya njia tuliyozoea kupita. Mwalimu wetu wa zamu alisimama pale na fimbo mkononi, na kwa mara ya kwanza fimbo ile haikuwa ya kutuchapa. Alisimama tangu saa moja asubuhi hadi alasiri, akiwageuza watoto, wachungaji na wauza maziwa. Hakuwa na simu. Hakujua habari apeleke kwa nani, wala hakujua kama waya ule una umeme au hauna. Alijua tu kwamba asiyejua asiguse. Mafundi walipofika walikuta kuwa waya ulikuwa na umeme muda wote ule. Sijapata kumwona mlinzi wa mitambo aliye bora kuliko yule, naye hakulipwa hata senti moja.

Ndugu zangu, yafaa kwanza tujue ni kitu gani tunacholinda. Kutoka Iringa, kupitia Dodoma na Singida, njia kuu ya umeme ya kilovoti 400 husafiri kilomita 670 hadi Shinyanga, ikaishia katika kituo cha kupozea umeme cha Ibadakuli. Kutoka hapo umeme huelekea Mwanza, na huelekea kwenye migodi ya Kahama na Geita. Mgodi wa Bulyanhulu ni wa chini ya ardhi. Mle chini mtu huishi kwa pampu inayotoa maji na kwa feni inayoingiza hewa. Huko Kishapu kuna mradi wa umeme wa jua, ambao vioo vyake vimetandazwa juani bila paa, na mvua ya mawe haimwulizi mtu kitambulisho. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda kwenda Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangiwa njia ipitayo katika mikoa ya Geita na Shinyanga. Ongezeni vituo vya mafuta vya kando ya barabara kuu, na mapipa ya dizeli katika maduara ya wachimbaji wadogo. Eneo letu, ambalo wengi wanalijua kwa pamba, ng'ombe na almasi, limekuwa pia eneo la nishati.

Mali hii yote hulindwa namna gani? Kwa uzio, kwa taa, kwa simu, na kwa korokoroni mwenye rungu au bunduki. Sasa leteni dhoruba. Uzio huangushwa na mti. Taa za ulinzi huzimika kwa kuwa zilikuwa zikitumia umeme uleule uliokatika. Mnara wa simu huendelea kwa betri saa chache, kisha hunyamaza. Korokoroni ni mwanadamu. Atakimbilia penye paa, na angelikuwa mpumbavu asingelikimbia. Msimamizi wake aliyeko mjini huwasha gari, lakini mnaijua mbuga yetu: udongo ule mweusi ukishanywa maji haupitiki na gari wala baiskeli. Kwa hiyo ulinzi wote tulioulipia umejengwa juu ya sharti moja ambalo halikuandikwa katika mkataba wowote, nalo ni kwamba hali ya hewa iwe nzuri.

Wala tusidhani kwamba dhoruba ni habari za pwani. Usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, ikabomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 40. Huo ulikuwa usiku mmoja, jirani yetu kabisa. Usiku kama ule nani angemwuliza mlinzi wa transfoma kwa nini hakuonekana zamuni?

Kuna jambo ambalo halisemwi sana, nami naomba nilikawilie. Waya wenye umeme hujilinda wenyewe. Mwizi anaujua na anauogopa. Siku dhoruba inapoukata, waya uleule hugeuka kuwa chuma chakavu kilicholala porini, na transfoma iliyozimika hugeuka kuwa pipa la mafuta ya kuuza. Ndiyo maana saa za kwanza baada ya upepo ni saa za hatari kuliko zote: mitambo imelala, walinzi hawapo, na anayejua njia za porini anajua pia kwamba gari la polisi limekwama. Lakini mara nyingi wizi wenyewe hutangulia dhoruba. Mnara wa umeme umefungwa kwa vyuma vidogo vidogo vinavyoegemeana, kila kimoja kikimshika mwenziwe. Mtu huja wakati wa kiangazi akafungua viwili vitatu, akavipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu au akatengenezea kitanda. Mnara hauanguki siku hiyo. Husubiri. Mwizi wa Agosti na upepo wa Desemba hawajuani, lakini wanafanya kazi moja. Hata moto wa kuchomea majani, ukiachwa ukalamba shina la nguzo ya mti, umo katika kazi hiyohiyo.

Majirani zetu wamekwisha kulipia elimu hii. Mwezi Machi, 2019, kimbunga Idai kiliharibu njia za umeme zitokazo Cahora Bassa nchini Msumbiji, na mgawo wa umeme ukazidi makali katika Afrika Kusini, mbali kabisa na mahali kilipopita kimbunga. Januari, 2022, dhoruba iliyoitwa Ana ilibomoa kingo za bwawa la Kapichira nchini Malawi, na nchi ile ikapoteza karibu theluthi ya umeme wake. Kulitengeneza kulichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Lakini lililonitia hofu zaidi ni la Accra, Ghana. Jioni ya tarehe 3 Juni, 2015, mvua kubwa iliufurisha mji, na watu wengi wakakimbilia kituo cha mafuta karibu na mzunguko wa Kwame Nkrumah kujikinga. Mafuta yakachanganyika na maji ya mafuriko, moto ukawaka, na watu zaidi ya 150 wakapoteza maisha katika mkasa ule wa moto na maji. Tafadhali walimu, lifundisheni jambo hili darasani, kwa kuwa ni somo la sayansi la darasa la sita. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ikivuja haizami, huelea, na maji yaendayo huibeba hadi penye jiko au sigara. Tangi la chini ya ardhi lisilojaa huweza kunyanyuliwa na maji kama debe tupu kisimani, likavunja mabomba yake. Kifuniko kisichofungwa sawasawa huingiza maji, na maji hayo hukaa chini na kuyasukuma mafuta juu. Mwenye kituo anayejua mambo haya hujaza matangi na kukaza vifuniko kabla ya mvua, na huzima pampu maji yanapokaribia. Na raia je? Hebu tazameni mvua ikianza kunyesha hapa kwetu, waendesha bodaboda hukimbilia wapi. Kituo cha mafuta kina paa pana na sakafu ya saruji. Hata mimi nimejikinga pale mara nyingi, na nakiri kwamba tangu nisome habari za Accra bado sijaiacha kabisa tabia hiyo.

Sisi wenyewe tuna kidonda cha Msamvu, Morogoro, cha tarehe 10 Agosti, 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na wananchi kwenda kuchota. Siku ile haikuwa na dhoruba. Lakini malori hayohayo hupita katika barabara zetu wakati wa mvua, zikiwa na utelezi.

Ndugu Mwenyekiti, nasema kwamba uzio ukianguka na taa ikizimika, mlinzi anayebaki ni jirani. Kwa bahati nzuri, watu wa sehemu hizi hawahitaji kufundishwa ulinzi wa jirani. Sungusungu walianzia huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipokuwa wamewachosha wananchi. Mwano ulipopigwa, yaani yowe la kuitana, kijiji kizima kilitoka, mvua au jua. Mwano hauhitaji betri. Mwaka 1989 sheria iliwatambua.

Nazijua pingamizi. Mhandisi mmoja aliniambia kwamba hataki wanakijiji karibu na mitambo yake, kwa sababu watauawa na umeme. Ana haki. Waya uliolala katika maji huieneza hatari ardhini pande zote, na anayekwenda kuokoa huweza kuwa maiti ya pili. Wengine watakumbusha kwamba Sungusungu waliwahi kujichukulia sheria mikononi. Nao wana haki. Ulinzi ninaousema, kwa hiyo, ni ule wa mwalimu wangu: kusimama mbali, kuwazuia wengine, kupeleka habari, na kutogusa kitu. Lakini wenye mitambo nao wamekosa. Kwa miaka mingi wamemtazama jirani kama mwizi ambaye bado hajaiba. Watoto wanakua ukutani mwa kituo ambacho hawajapata kuambiwa ndani kuna nini. Kisha dhoruba ikija tunashangaa kwamba hakuna aliyepiga yowe!

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Nyingi ya kamati hizo, tusifichane, hukutana baada ya maafa kuandika orodha ya wanaohitaji unga. Nawauliza ninyi watendaji mlioko hapa: kamati zenu zinajua ni nguzo zipi zimeinama? Zinajua nani ana namba ya simu ya mafundi wa zamu, na kama simu haishiki, ni kijana gani mwenye pikipiki atakayepelekwa, na kwa njia ipi isiyopita mbugani? Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa husikika redioni. Nani anautafsiri kwa Kisukuma mnadani? Haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji matembezi ya siku moja mwezi Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, pamoja na fundi mmoja kutoka kwa wenye mitambo na wanafunzi wakubwa wa shule, wakiwa na daftari. Na namba ya mafundi iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa shule, kubwa, mahali ambapo hata anayepita usiku na kurunzi ataisoma.

Muda niliopewa umekwisha, na naona mikono imekwisha kunyooshwa. Naomba tuanze na yule mama aliyekaa nyuma, ambaye kabla ya mkutano alinionyesha nguzo iliyoinama nyuma ya nyumba yake.