Kivinjari cha Bure na Mkataba Nyuma ya Pazia



Mwenye duka akikataa kukuuzia sukari mpaka uchukue na majani ya chai, wanasheria wa ushindani hawahitaji semina kujua kosa liko wapi. Kesi ya Microsoft iliwatatiza kwa sababu majani ya chai yalikuwa ya bure. Kivinjari cha Internet Explorer kilikuja ndani ya Windows bila bei yake, na mnunuzi hakuona alichopoteza. Ukimtazama mnunuzi peke yake, huwezi kuelewa kwa nini Idara ya Sheria ya Marekani na majimbo 20 waliifikisha kampuni hiyo mahakamani Mei 1998.

Ninachosema ni kwamba tumezoea kuitazama programu iliyomo ndani ya kompyuta, wakati ugomvi wenyewe ulikuwa kwenye mikataba ya mwenye mfumo endeshi na watengenezaji wa kompyuta. Mikataba hiyo mtumiaji haioni kamwe.

Chukueni Compaq. Mwaka 1996 kampuni hiyo, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kompyuta duniani, iliondoa alama ya Internet Explorer kwenye skrini za kompyuta zake za Presario na kukipa nafasi kivinjari pinzani, Navigator ya Netscape. Microsoft ikaijulisha kwa maandishi: rudisheni, la sivyo leseni yenu ya Windows 95 inafutwa. Compaq bila Windows ingemuuzia nani? Alama ikarudishwa.

Hofu ya Microsoft ilikuwa na msingi. Navigator ilifanya kazi kwenye mifumo endeshi mbalimbali. Watunzi wa programu wangeweza siku moja kutunga kwa ajili ya kivinjari, na Windows ikabaki kitu ambacho yeyote angeweza kukibadilisha na kingine. Bill Gates alishawaonya wenzake kuhusu wimbi la intaneti katika waraka wa Mei 1995.

Mahakamani utetezi ulikuwa kwamba kivinjari na Windows ni kitu kimoja, ukikitoa kimoja unaharibu kingine. Profesa Edward Felten, shahidi wa serikali, alikuwa ametengeneza programu ndogo ya kukiondoa kivinjari. Februari 1999 Microsoft ikaleta mkanda wa video kuonyesha jinsi Windows inavyozorota baada ya kazi hiyo. Wakili wa serikali, David Boies, akaurudisha mkanda polepole: maandishi ya juu ya dirisha yalikuwa yamebadilika katikati. Kilichodaiwa kuwa jaribio la kompyuta moja hakikuwa hivyo. Siku ile utetezi ulichechemea.

Juni 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni igawanywe vipande viwili. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Rufaa iliitupa amri hiyo, na ikamkemea jaji kwa kuzungumza na waandishi wa habari pembeni. Hata hivyo majaji wote saba walikubaliana kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Dai la kufunga bidhaa mbili pamoja lilirudishwa kusikilizwa upya, na serikali ikaliacha. Kilichosimama zaidi ni masharti ya leseni, pamoja na hila kadhaa za kiufundi, kama kuiondoa Internet Explorer kwenye orodha ya programu zinazoweza kufutwa.

Ulaya ilishika njia nyingine. Baada ya malalamiko ya Desemba 2007 ya Opera, watengenezaji wa kivinjari kingine, Microsoft iliahidi kuwaonyesha watumiaji skrini ya kuchagua kivinjari. Kuanzia Mei 2011 hadi Julai 2012 skrini hiyo haikuwafikia watumiaji wapatao milioni 15, na mwaka 2013 kampuni ikatozwa faini ya yuro milioni 561. Faini ni kubwa, sawa, lakini dawa inayoweza kukosekana miezi 14 kabla mgonjwa hajalalamika, mimi naitilia shaka.

Kwa Android, mfumo endeshi wa simu wa Google, mkataba ulirudi waziwazi. Mtengenezaji wa simu aliyetaka Play Store alilazimika kuchukua pia Chrome na programu ya utafutaji ya Google. Tume ya Ulaya ilitoza yuro bilioni 4.34 Julai 2018. Mahakama ikapunguza hadi bilioni 4.125. Simu za Android tunazonunua Kariakoo au River Road huja na Chrome tayari ndani, na mamlaka zetu za ushindani zikitaka kulichunguza jambo hili, zianze kwa kuomba mikataba.

Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ina ukiritimba haramu wa utafutaji. Mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye vivinjari na simu. Septemba 2025 jaji huyo alikataa kuilazimisha iuze Chrome, akapiga marufuku mikataba ya kumfungia mpinzani nje, lakini akaacha malipo yaendelee. Kuyakata, alisema, kungewaumiza wanaoyapokea. Mmoja wao ni Mozilla, mwenye kivinjari kinachoshindana na Chrome, ambaye sehemu kubwa ya mapato yake hutoka Google.